Mti Uliobanduliwa Gome

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeombea mvua huku moyo wangu mwenyewe umekauka. Oktoba ya Tabora mnaijua: saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali, visima vimeshuka, na hata sala inatoka kinywani kwa kujilazimisha. Nikaenda porini upande wa Sikonge kukagua mizinga ya nyuki, nikakuta miyombo na mitundu imechipua majani mapya, mekundu, laini, na mvua bado. Najua mmeshakumbuka Yeremia 17, ule mti usiohangaika mwaka wa uchache wa mvua.

Mti huo una siri yake. Mizizi imeshuka chini sana inafyonza unyevu uliobaki huko, na shina nalo limeweka akiba. Mbuyu ndio bingwa wa akiba. Maji ya shina lake huyatumia kuchipua kabla ya masika. Kutoka mzizini maji hupanda kwa mirija myembamba iliyomo ndani ya mbao, ile ambayo wanafunzi wanaiita zailemu. Hakuna pampu. Jani likitoa mvuke kwa joto, linavuta maji yaliyo nyuma yake, nayo yameshikamana mpaka chini. Jua lile lile linalotutesa ndilo linaloyapandisha! Kuna faraja hapo kwa aliye katika majaribu, lakini leo sikai hapo.

Roho alinishika kwenye mti mmoja uliobanduliwa gome. Sisi wafuga nyuki tunaijua kazi hiyo, mizinga ya magome ni ya tangu mababu. Gome limetolewa kuzunguka shina lote, mti umebaki uchi, mbao imeanza kupasuka na sisimizi wanapita kwenye nyufa. Ukiinua macho, majani mabichi kabisa. Mgeni angeapa kwamba mti ni mzima, kwa kuwa maji hupanda kwenye mbao, na mbao haikuguswa. Kilichokatwa ni njia ya kushukia. Chakula kinachotengenezwa na majani hurudi chini kwa tabaka la ndani la gome, kikalishe mizizi. Sasa mizizi inapeleka maji juu kila siku na hairudishiwi kitu. Inakula akiba yake mpaka inaisha, inakufa njaa, kisha majani nayo yanafuata. (Mbuyu ukibanduliwa hurudisha gome lake. Tusijifariji, wengi wetu si mibuyu.)

Wapendwa, mnivumilie hapa. Wapo kati yetu wanaopendeza Jumapili, ahadi ya ujenzi wamemaliza, bati wametoa, na mama yuko kijijini hana hata sabuni. Nimekaa na mama mmoja wa namna hiyo, siku ile ile ya mizinga. Alikuwa anachambua karanga za mbegu kwenye ungo. Nzima anaziweka kwenye kopo, zilizovunjika anatafuna, ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana. Akaniambia kwa furaha, “Mwanangu huko mjini anamtolea Mungu sana, baba.” Nikakosa la kusema. Yule kijana alisomeshwa kwa karanga hizo hizo.

Someni Marko 7, Bwana Yesu alivyowageukia waliosema mali yao ni Korbani, yaani sadaka ya Mungu, ili wazazi wasiambulie kitu. Hakuwasifu kwa utoaji. Mimi ni mzee wa kanisa, nahimiza michango kila wiki, na nasema wazi: sadaka iliyonyimwa mama ili itangazwe madhabahuni isiletwe kwangu. Usiniambie maisha ni magumu. Yamekuwa magumu kwake kabla yako, na bado alikupandishia maji.

Wala si wazazi tu. Kuna mwalimu aliyekufundisha katekisimu, shangazi aliyekulea, dada aliyeacha shule ili wewe usome. Kumbukeni na magoti yenu pia. Wanaohubiri bila kuomba nyumbani wanaishi kwa akiba ya zamani.

Ijumaa tunakutana kwa maombi ya mvua kama kawaida, saa kumi jioni. Mwenye mzazi kijijini ampigie simu kabla hajaja, amuulize amekula nini leo, na asikate kabla hajajibiwa. Atakayechelewa kwa sababu hiyo, tutamsubiri.