Bundi wa fedha wa Athens: kumsoma na kumpima

Huku Lubumbashi bundi akilia juu ya bati, wenye nyumba wanaanza kutazamana. Katika Athens ya kale alikuwa ndege wa Athena, mungu-mke mlinzi wa mji, na alipewa upande mzima wa tetradrakma, sarafu yao kubwa ya fedha. Sarafu yenyewe watu waliiita bundi. Kazi ya bure waliiita kupeleka bundi Athens, kama sisi tungemcheka mtu anayeleta mukuba, yaani shaba, huku Katanga.

Nazungumzia zile za kati ya 454 na 404 K.K. Ndizo nyingi, na ndizo zinazoigwa zaidi. Thamani ni drakma 4, uzito gramu 17.2 hivi, upana kama milimita 24. Ni nene, karibu donge.

Upande wa kwanza, Athena anatazama kulia. Kwenye kofia yake ya vita kuna majani matatu ya mzeituni. Angalia jicho. Uso umechorwa kwa ubavu, lakini jicho ni lozi nzima, kama anakutazama wewe. Mtindo huo ulikuwa umeshapitwa, lakini Athens haikuubadilisha. Sarafu hii ilifika Misri na Siria, na sura ambayo wafanyabiashara wameizoea haibadilishwi ovyo. Upande wa pili, mwili wa bundi umekaa ubavu, uso umegeuzwa kwetu. Mgongoni mwake kuna tawi la mzeituni na mwezi mwandamo mdogo. Mbele yake herufi ΑΘΕ, yaani ya Waathens.

Fedha nyingi ilitoka migodi ya Laurion, karibu na Athens. Muhuri wa Athena ulikazwa kwenye fuawe, donge la fedha likawekwa juu yake, muhuri wa bundi ukashikwa kwa mkono, kisha nyundo. Mkono ukiyumba, picha inakwenda pembeni; ndiyo maana kishungi cha kofia mara nyingi hakionekani. Si kasoro ya kukutisha. Nyufa ndogo ukingoni nazo ni dalili njema: fedha ilitanuka ghafla kwa pigo.

Sarafu bandia ya kumiminwa kwenye kalibu ni habari nyingine. Mtu aliyeshika ile misalaba ya mukuba ya zamani anajua kalibu inavyoacha alama: vitundu vya hewa, uso uliolegea kama sabuni iliyotumika. Ukiviona kwenye bundi, au ukiona mstari unaozunguka ukingo, rudisha.

Kisha pima. Tumia mizani inayosoma 0.01 ya gramu. Pima sarafu kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, zamisha sarafu ikining'inia kwenye uzi mwembamba bila kugusa chini wala ubavu. Namba inayotokea ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kwa gramu 17.2 za fedha safi utasoma karibu 1.64, maana 17.2 ukigawa kwa 1.64 unapata 10.49, ambao ndio msongamano wa fedha safi. Ukisoma 1.9, uko karibu na shaba. Kosa la kawaida ni mapovu kushikilia kwenye manyoya ya bundi: yanaongeza ujazo, na fedha nzuri inaonekana mbovu. Tone moja la sabuni majini linatosha kuyaondoa. Sarafu ikigusa chini, namba inaruka juu.

Kipimo hiki hakimkamati mwigaji aliyetumia fedha halisi. Huyo unamkamata kwa picha: ukikuta sarafu mbili zenye ufa uleule, mahali palepale, basi angalau moja ni nakala. Mkato wa patasi, kinyume chake, usikuogopeshe. Wafanyabiashara wa kale walikata kutafuta shaba ndani. Walikuwa na sababu: mwisho wa vita na Sparta, Athens yenyewe ilitoa sarafu za shaba zilizopakwa fedha.

Na usisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote vinakula ile rangi nyeusi iliyotulia kwenye mikunjo, na humo ndimo macho ya bundi yanasomeka. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini cha pamba, kisha ishike kwa ukingo tu.