Kayaki mpya nimeshachagua jamani
Aisee hatimaye nimepata kayaki yangu, kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kasia! Nilianza kujaribu ile fupi pana, mita 3 hivi, imetulia majini na kugeuka inageuka chapchap, ila safari ndefu ni kazi, kila ukipiga kasia omo, yaani ile ncha ya mbele, inayumba kushoto kulia, nguvu zote zinaishia kuinyoosha tu. Zile za kukalia juu nazo poa, maji yanatokea kwenye vitundu vyake, lakini unashinda umeloa.

Iliyoniteka ni ya mita 4.3, upana sentimita 60, ina pezi la kushusha chini nyuma. Mwanzoni inatikisika mpaka kiuno kinakaza, halafu ukiilaza ubavu kidogo unaisikia inashika, haiendelei kulala, hapo ndo moyo ukatulia. Upepo wa ubavuni ukaanza kuigeuza omo, nikashusha pezi, ikanyooka yenyewe!

Na kabla hujalipia kaa ndani na viatu vyako vya majini, magoti yaguse juu, miguu ifike kwenye vikanyagio, alafu ibebe mwenyewe begani, maana ya plastiki ni nzito kweli. Mi nimechukua ya faiba, naipenda sanaaa