Panga la Mama

Jana jioni mwanangu wa mwisho ameniuliza kwa nini napitisha panga motoni kabla ya kukata mkungu wa ndizi. Nimemjibu haraka haraka: ugonjwa. Kisha nikabaki jikoni, hapa Goma, nikitazama makala yakiwaka, moyo umeshapanda kwetu Masisi.

Ilikuwa 2004. Mama aliniita shambani asubuhi, umande haujakauka. Mkungu mmoja ulikuwa umewahi kuiva: ndizi chache za manjano, nyingine kijani bado, nyembamba kama vidole vya mtoto. Akaikata moja katikati. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Akapasua ya pili, ya tatu, zote vilevile. Ndipo akakata shina, tukachutama kuangalia. Kidogo kidogo uji wa manjano ukaanza kutoka kwenye jeraha, tone baada ya tone, kama usaha. Mama akaugusa, akajipangusa kidole kwenye kitenge. Akajipangusa tena. Na tena. Hakusema neno.

Migomba ile ndiyo iliyokuwa ikilipa minervali yetu, karo ya shule. Mwaka uliofuata pesa ilitosha mtoto mmoja. Akaenda mdogo wangu.

Agronomu, mtaalamu wa kilimo, alifika shamba likiwa limeisha. Akatueleza kwamba ni bakteria, inaitwa Xanthomonas, na haina dawa. Wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba wanaibeba. Kwa hiyo ua livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda. Machipukizi ya mgomba mgonjwa yanaibeba. Panga nalo linaibeba, lichomwe moto kila likitoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine.

Kwetu panga lilikuwa moja, la mama, na majirani wote walikuwa wakiliazima. Mtu wa kulipeleka na kulirudisha nilikuwa mimi. Mara ya mwisho lilirudi limeganda utomvu, nikalifuta kwa majani nikaliweka mahali pake. Ugonjwa ulikuwa umeonekana Masisi tangu 2001. Moto ulikuwa unawaka jikoni kwetu kila siku, bila kulipa hata faranga. Miaka mitatu, hakuna aliyekuja kutuambia.

Mama yu hai. Habari ya ule utomvu sijamwambia mpaka leo.

“Mama, limepoa. Nikate?” mwanangu akaniuliza.

Nikamwomba panga, nikalirudisha motoni.