Kigiriki cha kale: vitenzi visubiri

Herufi ni 24. Andika nne kwa siku kwa mkono huku ukizitamka, na ndani ya wiki umezimaliza. Zinazotega ni zile zinazofanana na zetu: ρ ni r, ν ni n, η ni e ndefu. Kialama kilicho juu ya irabu mwanzoni mwa neno usikiruke: kikifunguka upande wa kulia, kama kwenye ὁ, unatamka h.

Kwenye matamshi mtu wa Mvita ana akiba. Zama za Plato, φ, θ na χ zilikuwa p, t na k zenye pumzi, wala si f na th ya thelathini. Ukiweza kutenganisha paa la nyumba na p'aa wa porini, π na φ tayari unazo. Ndugu zetu wa bara waweke kiganja mbele ya mdomo.

Wengi hukimbilia vitenzi, na hapo ndipo wanapokwama. Anza na kijineno kinachotangulia nomino: ὁ, ἡ, τό. Kina jinsia tatu (ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike), hali nne (maumbo yanayoonyesha kazi ya neno katika sentensi), umoja na wingi, jumla maumbo 24. Chora jedwali lake kila asubuhi mpaka liandikike bila kuchungulia. Kisha kila nomino ihifadhi pamoja nacho, kwa sababu miisho hudanganya. Νῆσος, kisiwa, inaishia kama λόγος lakini ni ya kike: ἡ νῆσος. Ukiisoma peke yake utaandika νῆσος μικρός, na sahihi ni μικρά. Aliyekulia kwenye ngeli hili halimtishi. Kinachomkera ni kwamba wingi wa jinsia ile isiyo ya kiume wala ya kike huchukua kitenzi cha umoja: τὰ πλοῖα πλεῖ, vyombo vinasafiri.

Kamusi nayo ina ufunguo wake. Kitenzi huorodheshwa kwa umbo la "mimi" la wakati uliopo, na wakati uliopita hubadilisha mwanzo wa neno. Ἤκουσα, nilisikia, ukiitafuta kwenye η huipati. Iko kwenye α, ἀκούω. Lakini ἤθελον iko kwenye ε, ἐθέλω. Ukikutana na η mwanzoni, jaribu zote mbili.

Kwenye kompyuta chagua kibodi ya Kigiriki ya politoniki. Ile ya Kigiriki cha leo haina vialama vya pumzi.

Jedwali likishakaa, fungua Periplus ya Bahari ya Erythra, mwongozo wa safari za baharini wa karne ya 1, vifungu vya 15 na 16. Ni pwani yetu: bandari ya kale ya Rhapta, vyombo vya kushonwa, mitumbwi ya gogo moja, na watu wanaovua kwa γυργάθοις badala ya nyavu, malema hasa. Kigiriki chake ni cha mfanyabiashara, si cha Plato. Nakala kongwe, ya karne ya 10, iko Heidelberg na ina makosa mengi. Sentensi ikikataa kabisa kuchambulika, huenda aliyeteleza ni mnakili.