Mizigo ya Saa Saba Usiku

Desemba 2019 kampuni moja ya mabasi hapa Kisumu iliniita nitazame mfumo wake wa mizigo, kwa sababu hesabu za mwisho wa mwezi zilikataa kulingana. Kitabu cha karani wa Nakuru kilikuwa na mizigo ya tarehe 1 Desemba ambayo ripoti ya kompyuta iliitia Novemba. Mhasibu, mama asiyependa mzaha, alinisukumia karatasi mbili mezani. "Kijana, pesa ni zile zile. Mbona mwezi si mmoja?"

Mabasi ya usiku kutoka Nairobi hupita Nakuru baada ya saa sita, kisha hupanda Kericho kuja huku. Tulichukua mzigo mmoja, boksi la vipuri vya pikipiki lililopakiwa 01:20. Seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi rekodi, ilikuwa imeandika 2019-11-30T22:20:00Z. Hapo hapakuwa na kosa: ile Z ni UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na Kenya iko mbele yake kwa saa 3. Kosa lilikuwa kwenye ripoti, iliyokata herufi 10 za mwanzo, yaani 2019-11-30, na kuziita siku. Basi kila kilichopakiwa kati ya 00:00 na 02:59 kilirudishwa jana. Mchana huoni kitu, ndiyo maana hitilafu ya namna hii huishi miaka bila kuguswa.

Fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza saa 3 kwa mkono ndani ya msimbo wa seva unaotuma saa kwenye simu. Simu za makarani nazo zilijua ziko Kenya, zikaongeza 3 nyingine, na boksi likasomeka 04:20. Hiyo ndiyo hasara ya kujumlisha mwenyewe: hakuna anayejua ni nani amekwisha jumlisha. Tuliifuta nyongeza hiyo. Wakati ukahifadhiwa kwa UTC, ukageuzwa mara moja tu, pale unapoonyeshwa mtu, kwa jina kamili la ukanda wa saa, Africa/Nairobi. Vifupisho vya kanda vya herufi tatu usivitegemee. IST ni India, ni Israel, na ni Ireland pia.

Ripoti ya siku nayo haikati herufi tena. Inauliza kwa mipaka: Desemba 1 ya Kenya huanza 2019-11-30T21:00:00Z, ikiwemo, na huishia 2019-12-01T21:00:00Z, isiyokuwemo. Ukiweka mpaka wa mwisho kuwa 23:59:59, kitu cha nusu sekunde baadaye kitakuponyoka. Tarehe tupu, kama siku mteja aliyoahidiwa mzigo, tuliiacha iwe tarehe tupu bila saa. Ukiigeuza kuwa usiku wa manane wa Kenya kisha uitume kwa UTC, inafika 21:00 ya jana yake.

Excel ilikuwa balaa la pekee. Kompyuta ya tawi moja ilikuwa na mipangilio ya Marekani, kwa hiyo 04/11/2019 ikawa Aprili 11. Lakini 13/11/2019 haikuweza kuwa tarehe, maana mwezi wa 13 haupo, ikabaki maandishi. Ukijua hilo unaliona kwa jicho: tarehe za kweli hukaa kulia mwa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Safu iliyogawanyika hivyo, ya 1 hadi 12 kulia na nyingine kushoto, imegeuzwa. Tangu hapo matawi yanatuma 2019-11-04, mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ambao hata ukipangwa kama maneno tu unafuata kalenda.

Kisha kukawa na saa zetu wenyewe. Karani aliandika "7:20" kitabuni, saa saba na dakika ishirini usiku, na aliyenakili akaingiza 07:20. Mfumo ukaonyesha mzigo huo mwingine umefika Kisumu kabla haujapakiwa. Fomu ilipewa kitufe cha mchana au usiku: mchana ongeza 6, usiku ongeza 18, ikifika 24 au zaidi toa 24. Saa 7 usiku ni 25, yaani 01. Saa 12 alfajiri huhesabiwa usiku, saa 12 jioni huhesabiwa mchana.

Data ya zamani tuliisahihisha kwa namba za risiti, kwa kuwa hufuatana: "Aprili" iliyokaa katikati ya risiti za Novemba haina pa kujificha. Pale kurasa za kitabu zilipokuwa zimechanika hatukukisia. Safu mpya ilibeba alama ya shaka, na mhasibu akazifunga rekodi hizo moja moja kwa kalamu.