Mitambo Minne ya Kufyonza Vumbi katika Nyumba Moja Ngamiani

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna mitambo minne ya kufyonza vumbi, ile mikubwa inayofungwa mahali pamoja ikavuta uchafu wa vyumba vyote kwa mabomba yaliyopita juu ya dari. Mmoja unafanya kazi kila siku, mmoja ni wa akiba, mmoja naung'oa vipuri, na wa nne, ambao mota yake iliungua siku ileile nilipoufikisha nyumbani, bado unanitumikia kwa namna nitakayoieleza. Kwa miaka yote niliyohangaika nayo nilipewa ushauri mwingi, na karibu wote ulikuwa wa aina moja: tafuta mota yenye nguvu zaidi. Nguvu ya mota haikuwa tatizo langu hata mara moja. Tatizo lilikuwa hewa iliyopotea njiani, na hilo hakuna aliyeniambia.

Mimi ni fundi cherehani, na ukumbi wa mbele ndio karakana yangu. Kitambaa kikikatwa kutwa nzima, manyoya ya pamba hujaa hewani na kutua kila mahali, na mama yangu, ninayeishi naye, ana pumu. Tulianza na vakyumu ndogo ya kuburuta. Sakafu ilitakata, lakini hewa iliyotoka nyuma yake ilikuwa ya moto na ilibeba vumbi laini ambalo mfuko haukuweza kulizuia, na Mama akawa anakohoa kuliko enzi za ufagio. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hii mashine yako inaliokota vumbi chini inaniletea puani." Hapo nikajua kwamba ninachohitaji ni mashine inayokaa nje na kuitupa hewa yake nje. Wako walioniambia kwamba hayo ni makuu ya siku hizi, ilhali ndivyo kazi hii ilivyoanza: mashine ya Mwingereza Hubert Cecil Booth ya mwaka 1901 ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani hadi vyumbani. Vakyumu ya kuburuta, inayokutemea hewa chumbani, ilikuja kuenea baadaye.

Mtambo wa kwanza niliununua Dar es Salaam kwa muuza mitumba, shilingi laki mbili na ushee, ukiwa umetoka Kanada pamoja na shehena ya vyombo vya nyumbani. Kibandiko chake kilisomeka wazi: volti 120, hezi 60. Fundi umeme niliyemwita alikisoma pamoja nami, kisha akasema, "Mama, umeme ni umeme, kinachotofautiana ni plagi tu," akaikata plagi ya pini bapa na kufunga ya pini tatu. Umeme wetu ni wa volti 230. Mota ile ilianza kulia kwa sauti nzito, sauti ikapanda na kuendelea kupanda pasipo kutulia, na kupitia matundu ya kifuniko nikaona duara la moto wa buluu likizunguka pale kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinapogusana na shaba. Ukafuata moshi mweupe, harufu ya vanishi iliyoungua, kisha kimya. Sidhani kama zilitimia sekunde kumi.

Mota za mitambo hii ni za kaboni, na mota ya kaboni haijali sana kama umeme ni wa hezi 50 au 60. Inachojali ni volti, kwa sababu volti zikikaribia kuongezeka maradufu, umeme unaoliwa unaweza kukaribia mara nne, na waya mwembamba uliosukwa mle ndani hauwezi kustahimili. Mwenye kutaka mtambo wa Marekani au Kanada hana budi kuwa na transfoma ya kushusha volti, na iwe kubwa: mota ya ampea 13 kwa volti 120 hula zaidi ya wati 1,500, hivyo ile transfoma ndogo ya redio isijaribiwe kabisa. Transfoma ya wati 3,000 niliyoulizia ilikaribia bei ya mtambo wenyewe. Tangu hapo nanunua mitambo ya Ulaya peke yake, ya volti 230, na kibandiko nakisoma mimi mwenyewe kabla ya kutoa hata senti moja.

Mtambo wa pili, uliotoka Italia, ndio ulionifundisha kazi. Muuza mitumba hukuwashia mashine, ukaweka kiganja mdomoni mwa bomba, kiganja kikavutwa, ukaamini. Kiganja hakipimi kitu. Kwenye kibandiko nguvu ya kuvuta ilikuwa imeandikwa kwa milimita za maji, elfu tatu na ziada, maana yake ni kwamba mdomo wa bomba ukizibwa kabisa mtambo unaweza kuyapandisha maji kiasi cha mita tatu na kitu. Nikajiuliza: kwa nini nisiyapandishe kweli, nikaona kwa macho yangu? Tuna mnara wa tangi la maji uani, urefu wake mita nne na nusu hivi. Mtoto wa kaka yangu na rafiki yake waliupandisha mtambo juu kwa kamba, wakaufunga sawasawa, nami nikateremsha mpira mwembamba unaoonyesha, ule wa kupimia usawa wa kuta, hadi ndani ya ndoo ya maji niliyoyatia rangi nyekundu ya chakula ili yaonekane vizuri. Ubavuni mwa nguzo nilikuwa nimeubandika utepe wangu wa kupimia nguo, na ulipoishia nikaunganisha wa pili na wa tatu.

Tulipowasha, maji mekundu yalipanda mpirani kwa kasi, yakapita kiunoni mwangu, yakanipita kichwani, kisha yakasita na kusimama yakitetemeka. Kijana akasoma kutoka kwenye ngazi, "Shangazi, mita mbili na sentimita kumi!" Mtambo wa mita tatu ulikuwa unapoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na fundi wa mtaani alikuwa tayari kuniuzia mota nyingine. Nilimwomba anipe siku mbili. Nilichukua kipande cha sabuni, nikafanya povu zito, nikapaka kuzunguka pipa lote huku mtambo ukivuta, na pale kifuniko kinapokutana na pipa nikaliona povu likifyonzwa ndani mahali patatu. Mpira wa kuzibia ulikuwa umekauka na kupasuka kwa uzee. Nilikata tyubu ya baiskeli kwa mzunguko ule, nikaishona ncha kwa ncha na kuiziba kwa solusheni ya kubandikia pancha, nikaifunga mahali pake. Maji yakapanda hadi mita mbili na sentimita tisini. Matengenezo hayo yalinigharimu tyubu moja kuukuu na nauli ya daladala.

Kipimo hiki kina upungufu wake, na ni vizuri mtu aujue. Bomba likizibwa, hewa haipiti kwenye kichujio, kwa hiyo hata mtambo wenye kichujio kilichoziba utayainua maji vizuri kabisa. Ndiyo maana nina kipimo cha pili: namwaga kibaba cha mchanga mkavu wa pwani sakafuni na kuhesabu sekunde hadi uishe. Kipimo kimoja kinaonyesha kama hewa inavuja, kingine kinaonyesha kama hewa inapita.

Mabomba ndiko nilikopoteza fedha na subira. Fundi bomba, mtu mwaminifu katika kazi za maji, aliyafunga mabomba ya inchi mbili ya maji taka kama alivyozoea, na kila penye kona akaweka elbo fupi ya digrii 90. Gundi aliipaka ndani ya soketi, na ziada yake ikasukumwa mbele na kugandia ndani ya bomba kama ukingo. Kwa maji hilo halina neno. Kwa nyuzi ni balaa, kwa sababu uzi mmoja ukinasa kwenye ukingo ule, wa pili humfuata, na pamba hujishona juu yao. Wiki ya tatu mdomo wa ukutani wa karakana, yaani tundu la kuchomekea mpira, ulikuwa hauvuti tena hata kipande cha karatasi. Wa chumba cha Mama ulivuta kwa udhaifu. Wa ukumbi wa nyuma, ulio karibu zaidi na mtambo, ulivuta vizuri kuliko siku zote. Fundi alitaka kukata bomba juu ya dari vipande vitatu ili atafute.

Nilikataa. Nilikuwa na mtambo wa tatu, uliotoka Uswidi, nilioununua kwa ajili ya vipuri. Tuliuingiza karakanani, tukaunganisha mpira wake na mdomo wa ukutani, maungio nikayaviringishia utepe wa tyubu ili pasivuje, tukaufungua mdomo wa ukumbi wa nyuma ili hewa ipate pa kuingilia, tukazima mtambo wa uani na kuuwasha huu uvute kinyume. Kwanza ulisikika mngurumo wa mtu aliyebanwa koo. Mtoto wa kaka yangu akawa anagonga bomba juu ya dari kwa mwiko, akisogea taratibu, na alipofika juu ya mlango wa chumba cha Mama kitu kikaachia, kikapita juu ya vichwa vyetu kikigongagonga, kikatua ndani ya pipa kwa kishindo. Tulipofungua tulikuta bonge la nyuzi na pamba lenye ukubwa wa ngumi, limekazana kama kamba ya mkonge, na ndani yake bobini yangu niliyoitafuta wiki nzima, vifungo viwili na sindano iliyopinda.

Mabomba tuliyafumua na kuyafunga upya chini ya usimamizi wangu. Elbo fupi inaruhusiwa mahali pamoja tu, nyuma ya mdomo wa ukutani, ili kitu chochote kinachoweza kunasa kinase pale mkono unapofika. Kona nyingine zote ni elbo mbili za digrii 45 zilizounganishwa. Gundi hupakwa nje ya bomba linaloingia, wala si ndani ya soketi, na ncha iliyokatwa hupigwa msasa hadi kidole kisihisi kitu. Penye soketi isiyolingana sikumruhusu mtu atumie moto, kwani moto huunguza plastiki na kuacha makunyanzi. Niliitumbukiza ncha ya bomba kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika moja, ikalainika, nikaisukuma juu ya bomba lingine kwa kitambaa mkononi. Chini ya bati la Tanga bomba hulegea kwa joto, kwa hiyo nililiwekea vishikizo kila baada ya mita moja.

Liko jambo moja ambalo bado linanikasirisha. Mpira ukichomekwa ukutani mtambo hujiwasha, kwa kuwa kuna waya mbili nyembamba zinazofika pale zikiwa na volti 24 tu, nazo huamrisha relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, iliyo kwenye mtambo. Relei ya mtambo wa Italia ilikuwa imekufa, na fundi umeme wa pili alinishauri nipitishe umeme wa volti 230 moja kwa moja kwenye midomo ya ukutani. Midomo hiyo iko sentimita arobaini kutoka sakafuni, pini zake za umeme ziko wazi, na nyumba ina watoto. Relei mpya ilipatikana dukani kwa bei isiyofika shilingi elfu ishirini. Sijui kama mtu huyo amekwisha kumfungia mwingine vile alivyotaka kunifungia mimi, na kila nikikumbuka roho hunidunda.

Sasa mtambo wa Kanada. Nilitaka pipa la kutangulia, ambamo nyuzi na mchanga vingeanguka kabla ya hewa kufika kwenye kichujio. Nilishauriwa nitumie pipa la plastiki, nikalijaribu, na mara ya kwanza mdomo wa bomba ulipozibwa likajikunja na kupasuka ubavuni. Mfuniko wenye upana wa sentimita 40, mtambo unapovuta kufikia mita tatu kasoro za maji, hukandamizwa na hewa ya nje kwa uzito wa zaidi ya kilo 350, na plastiki ile haikuumbiwa mzigo huo. Pipa la mtambo wa Kanada liliumbiwa. Nilitoa mota iliyoungua, nikaziba nafasi yake kwa bamba la chuma lenye tundu moja, nikaunganisha na mtambo wa Italia. Hewa huingia kwa ubavu, huzunguka, uchafu huanguka chini, na kichujio ambacho zamani nilikisafisha kila wiki sasa hukaa miezi mitatu.

Hewa yenye chumvi hula shaba, hivyo hata mtambo wa akiba nauwasha dakika mbili kila mwezi, na kaboni nazibadilisha kabla hazijafika urefu wa punje ya mahindi. Bomba la kutolea hewa nimelifunga wavu, kwani nyigu walijenga ndani yake kwa udongo msimu mmoja wa masika. Nasafisha asubuhi, umeme ukiwa haujapungua nguvu, na kwa nusu saa mita ya LUKU haili hata uniti moja.

Jumamosi ndiyo siku ya kumwaga pipa. Nalifungulia nyuma ya uzio, upande ambao upepo unatoka nyumbani, na kabla ya kufukia nachambua kwa kijiti, kwa maana kila wiki hutoka pini, vifungo na mara nyingine sarafu. Mama hunisubiri barazani na kopo lake la vifungo mapajani. Siku hizi hukaa hapohapo barazani, mlango wa karakana ukiwa wazi nyuma yake na mashine zikishona.