Chumba cha juu, Mkomani: kulala bila kiyoyozi

Februari

Mradi wenyewe ni huu: chumba cha ghorofani hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, kilalike mpaka alfajiri, bila kiyoyozi na bila kuhamia darini kila usiku na mto kwapani. Kiyoyozi cha kawaida kinakula wati 1,000 na zaidi, feni ya mezani wati 50 hivi. Mwenye kulipa tokeni za stima hahitaji maelezo zaidi.

Nimeanza na kipimajoto cha bei ya chini na kiganja cha mkono. Alasiri chumba kina nafuu kuliko barazani. Balaa huingia baada ya isha. Ukuta wa magharibi ni wa matumbawe na chokaa, unene wake toka kiwiko hadi ncha za vidole, na jua la jioni linauingia polepole mno. Ukiushika saa nne usiku una vuguvugu la tumbo la paka. Dari nayo ni zege la juzijuzi, si boriti na mawe kama vyumba vya chini, na zege hilo linashinda juani kutwa. Kwa hiyo nimelala katikati ya vitu viwili vinavyotoa joto vililoliweka mchana, na upepo wa kaskazi unazidi kufifia.

Machi, mwanzoni

Nilitaka paa la makuti juu ya zege. Mwenye nyumba amekataa na sina hoja ya kumjibu: nyumba zimegusana, makuti yakishika moto mtaa mzima unatoka na ndoo. Badala yake nimepata tanga kuukuu la jahazi, nimeliwamba juu ya fito za mikoko, na nafasi ya kupita upepo baina ya tanga na zege. Zege lenyewe nimelipaka chokaa. Sasa maghribi nikiinua mkono dari haichomi tena. Ukuta bado.

Machi, katikati: kitanda

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila mtu huniuliza habari za feni, hakuna anayeuliza habari za godoro. Sponji inafunga ngozi yako yote iliyolaliwa: jasho halikauki, joto halina pa kwenda. Kipimajoto nilichokitia chini ya mgongo kilisoma 34 wakati hewa ya chumba ilikuwa 30.

Kwa fundi mmoja wa mtaa wa Langoni nimepata kitanda cha kamba, matendegu ya kuchongwa, mfumbati mmoja, ule mti wa ubavuni, umeliwa kidogo na mchwa. Amekiwamba upya kwa kamba ya makumbi. Nilipomwambia nitaweka godoro jembamba juu yake alicheka. "Wata pepo zipite tini, mwanangu." Yaani, wacha upepo upite chini.

Nikaanza na mkeka wa miyaa juu ya kamba. Mzuri kwa macho, lakini umesukwa kwa kubana, upepo hauvuki. Kamba tupu ziliniacha na ramani mbavuni. Kilichokaa sawa ni kikoi kizito kimoja na leso juu yake, basi. Kipimajoto chini ya mgongo: 31.

Likabaki suala la mbu, maana wanapanda kwa chini na kuuma kupitia matundu ya kamba. Chandarua cha kuchomeka chini ya godoro hakisaidii kitu mahali pasipo godoro. Nimeunga kitambaa cha neti pembeni mpaka kikafika sakafuni, kikazunguka na matendegu, na pindo nimelitia mchanga ndani lisipeperuke.

Machi, mwishoni

Maleleji: kaskazi imekwisha, kusi bado. Nje jani halitikisiki. Neti inakata nguvu ya feni sana, kwa hiyo feni ndogo nimeiingiza ndani ya neti, chini ya kitanda, uso juu. Upepo unatoka kwenye kamba na kukugusa mgongoni. Feni haipozi hewa, inaondoa tu ile hewa ya moto na unyevu iliyokwama mwilini, na itakufaa maadamu hewa ina joto dogo kuliko ngozi, yaani chini ya 35 hivi. Hapa kwetu usiku haifiki huko.

Shuka la kulowesha maji, wanalolisifia watu wa bara, nimeliacha: hewa yetu imeshiba maji tayari, shuka inabaki mbichi na wewe unanuka ukungu. Kuoga ndiyo, lakini maji ya uvuguvugu. Mwili ukitaka kulala hushusha joto lake la ndani kwa kupeleka damu mikononi na miguuni, na maji baridi sana huibana mishipa hiyo ya ngozi.

Aprili

Usiku wa moto kuliko yote mwezi huu nimelala mpaka adhana ya kwanza. Shuka kavu. Kusi limeanza kugonga madirisha, kwa hiyo vipimo vya sasa havina maana, kila kitu kinaonekana kizuri kusi likivuma. Kamba zimelegea katikati na fundi anakuja Jumamosi kuzikaza. Ukuta wa magharibi nataka niutundikie mikeka kwa nje kabla ya Desemba, mwenye nyumba akikubali.